Amemaliza Chuo, Sasa Yuko Wapi? Mwongozo wa Kuwafuatilia Wachezaji wa Hoki ya Barafu Waliotoka Vyuoni Marekani

Kila mwaka ifikapo Aprili, fainali ya vyuo vikuu vya Marekani ikishachezwa, maswali yaleyale hurudi. Mmoja huuliza kwa nini mchezaji aliyechaguliwa na timu kubwa miaka miwili iliyopita haonekani katika kikosi chake. Mwingine hushangaa kwamba mfungaji bora wa chuo alichosoma sasa anachezea mji ambao hajawahi kuusikia. Wa tatu hukata tamaa kwa sababu jina alilolizoea limetoweka kwenye orodha ya chuo na hajui pa kulitafuta. Wengi wao ni wenzetu waliosoma Minnesota, Michigan, Massachusetts au Colorado, wakaonja ukumbi uliojaa Ijumaa usiku, kisha wakarudi Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura na mapenzi yao yaleyale. Wengine ni wazazi ambao watoto wao wanakulia huko na mezani hawazungumzi jambo jingine. Nimeamua kuyajibu maswali hayo mahali pamoja.

Jambo moja likieleweka mapema, mengine hurahisika: kuchaguliwa kwenye drafti (zoezi la kila mwaka ambapo timu huchagua kwa zamu vijana watakaowashikilia haki), kusaini mkataba na kucheza ligi kuu ya NHL ni mambo matatu tofauti, na kati ya moja na jingine inaweza kupita miaka. Anayetoka kwenye mpira wa miguu huja na mazoea ya usajili wa Simba au Gor Mahia, ambako mchezaji akishamwaga wino anakabidhiwa jezi. Katika hoki ya barafu timu inaweza kushikilia haki za kijana kwa miaka minne bila kumlipa hata senti moja, huku yeye akiendelea kusoma na kuchezea chuo chake. Kwa hiyo mwongozo huu unamfuata mtu, na timu unaiangalia tu pale alipo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari, au jedwali kwenye simu au kompyuta. Mimi natumia daftari la mistari, na sijaona sababu ya kuliacha.
- Majina yasiyozidi matano. Anayeanza na majina thelathini huacha kabla ya Krismasi.
- Ukurasa wa kumbukumbu za wachezaji. Elite Prospects na HockeyDB huonyesha kila msimu na kila timu ya mchezaji kwa mstari mmojammoja, kuanzia timu za vijana.
- Ukurasa wa mikataba. Zamani wengi walitumia CapFriendly, lakini tovuti hiyo ilinunuliwa na Washington Capitals na kufungwa Julai 2024. Sasa tumia PuckPedia. Ukikuta mwongozo wa zamani unaokuelekeza CapFriendly, usihangaike.
- Bando la kawaida la intaneti. Kurasa za takwimu ni nyepesi. Kinachokula bando ni video.

Huhitaji kujua kuteleza, wala hata kuwahi kukanyaga barafu. Kwa Afrika Mashariki uwanja uliozoeleka ni ule wa hoteli ya Panari jijini Nairobi, ambako Ice Lions wa Kenya wamejifunzia, na wengi wetu hatujafika hata hapo.

Hatua ya 1: Mtambulishe mchezaji bila utata

Kwa kila mchezaji andika jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, nafasi anayocheza, chuo au vyuo alivyopitia, na msimu wake wa mwisho chuoni. Tarehe ya kuzaliwa inaonekana kama jambo dogo, lakini ndiyo itakayokuokoa mara nyingi zaidi kuliko kitu kingine chochote katika daftari lako.

Mfano mzuri ni jina la Jack Hughes. Aliyechaguliwa wa kwanza kabisa katika drafti ya 2019, na New Jersey Devils, hakucheza chuo chochote. Yuko Jack Hughes mwingine aliyechezea Northeastern, akahamia Boston University, na ambaye Los Angeles Kings walimchagua mwaka 2022. Mkanganyiko huzidi kwa sababu yule wa kwanza ana ndugu wawili, Quinn na Luke, ambao wote wawili walipitia University of Michigan, hivyo mtu husikia jina Hughes likitajwa pamoja na chuo na kudhani ni Jack wa New Jersey.

Zingatia pia kwamba wachezaji huhama vyuo, na kwamba tangu Agosti 2025 waliocheza ligi kubwa za vijana za Kanada, ambao zamani walizuiwa, wanaruhusiwa kuchezea vyuo vya Marekani. Gavin McKenna, kwa mfano, alitoka Medicine Hat Tigers akaenda Penn State mwaka huohuo. Usishangae basi ukiona ukurasa wa mwanachuo una mistari ya ligi ya Kanada juu yake.

Hatua ya 2: Tafuta haki zake ziko mikononi mwa nani

Hapa ndipo wanaoanza wengi wanapoteleza, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Mchezaji aliyechaguliwa kwenye drafti hawi mwajiriwa wa timu iliyomchagua. Timu hiyo imepata haki ya kuwa ya pekee katika NHL inayoweza kumsainisha, na haki hiyo inaweza kubadilishwa na timu nyingine kama kitu chochote cha biashara, hata mchezaji mwenyewe akiwa bado darasani. Adam Fox alichaguliwa na Calgary Flames mwaka 2016, akaenda Harvard. Mwaka 2018 haki zake zilipelekwa Carolina Hurricanes, na Aprili 2019 zikapelekwa New York Rangers, ambao ndio aliosaini nao. Mwaka 2021 alishinda tuzo ya Norris, inayotolewa kwa beki bora, akiwa na timu ya tatu kumiliki haki zake na ya kwanza kumlipa mshahara. Mtu aliyekuwa akifuatilia Calgary tu alimpoteza njiani.

Mfano wa karibuni ni Isaac Howard. Tampa Bay Lightning walimchagua mwaka 2022. Aprili 2025, akiwa Michigan State, alipewa tuzo ya Hobey Baker ya mchezaji bora wa vyuo. Julai mwaka huohuo haki zake zikaenda Edmonton Oilers, naye akasaini huko.

Haki hizo pia zina mwisho. Kwa kanuni iliyotumika kwa miaka mingi, aliyechaguliwa kisha akamaliza miaka minne ya chuo bila kusaini huwa mchezaji huru tarehe 15 Agosti. Jimmy Vesey wa Harvard, mshindi wa Hobey Baker mwaka 2016, alikuwa amechaguliwa na Nashville Predators mwaka 2012; haki zake ziliuzwa kwa Buffalo Sabres Juni 2016, lakini alisubiri hadi Agosti, akawa huru, na akachagua New York Rangers. Kwa kuwa mkataba mpya wa pamoja kati ya ligi na chama cha wachezaji unaanza na msimu wa 2026–27, kabla ya kuhesabu tarehe za namna hii kwa wachezaji wa sasa soma kwanza kanuni za mwaka husika.

Liko kundi la tatu, la wale ambao hawakuchaguliwa kabisa. Hao huandikiwa "huru" katika daftari, na usiwadharau. Martin St. Louis alitoka University of Vermont mwaka 1997 bila timu yoyote kumchagua, na mwaka 2004 alitwaa tuzo ya Hart ya mchezaji bora wa ligi pamoja na Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, akiwa na Tampa Bay. Chris Kunitz wa Ferris State, naye hakuchaguliwa, alishinda kombe hilo mara nne. Kwa maoni yangu hawa ndio wanaovutia zaidi kuwafuata, kwa sababu wakimaliza chuo huwa wanachagua wenyewe pa kwenda, na uchaguzi wao hukuambia jambo kuhusu timu ambayo ina nafasi.

*Angalizo:* Mwanzoni mwa Julai timu za NHL huita vijana kwenye kambi ya mafunzo ya siku chache, na picha zao wakiwa wamevaa jezi husambaa. Wengi wa vijana hao hurudi chuoni Septemba. Picha ya Julai isikufanye uandike "amesaini".

Hatua ya 3: Jua amesaini nini hasa

Mkataba wa kwanza wa NHL una urefu unaotegemea umri. Kwa utaratibu uliotumika hadi msimu wa 2025–26, anayesaini akiwa na miaka 18 hadi 21 hupewa miaka mitatu, wa miaka 22 au 23 hupewa miwili, na wa miaka 24 hupewa mmoja. Kwa kuwa wanachuo wengi husaini wakiwa wakubwa kuliko wenzao wa ligi za vijana, utaona mikataba ya mwaka mmoja au miwili mara nyingi, na hilo halimaanishi kwamba timu haimwamini.

Sasa soma tarehe ya kuanza. Anayesaini Machi au Aprili anaweza kuanza msimu uleule, akahesabiwa mwaka mzima wa mkataba kwa mechi chache tu, au akaanza msimu unaofuata. Cale Makar ni mfano wa njia ya kwanza, na ratiba yake bado hunishangaza: tarehe 12 Aprili 2019 alitunukiwa Hobey Baker, tarehe 13 timu yake ya University of Massachusetts ilifungwa 3–0 na Minnesota Duluth katika fainali, na tarehe 15 alikuwa Denver akiichezea Colorado Avalanche mechi ya mtoano dhidi ya Calgary, ambako alifunga bao. Aliyefungua daftari lake mwisho wa mwezi alikuta kila kitu kimeshatokea.

Njia ya pili ni ya kimya zaidi. Mchezaji husaini mkataba wa NHL unaoanza msimu ujao, na kwa wiki zilizobaki huenda AHL, ligi iliyo chini ya NHL, kwa mkataba wa majaribio wa mwanariadha wa ridhaa. Ukimtafuta NHL humwoni. Nenda kwenye takwimu za AHL, utamkuta.

Kuna pia anayesaini na timu ya AHL yenyewe bila mkataba wa NHL. Huyu hawezi kupandishwa NHL mpaka asaini mkataba mwingine. Andika wazi katika daftari ni mkataba wa ligi ipi, kwa maana taarifa za habari husema tu "amesaini na" kisha jina la timu, na majina mengine yanafanana: Iowa Wild si Minnesota Wild, na Providence Bruins si Boston Bruins.

Akishasaini mkataba wa NHL, mlango wa kurudi kuchezea chuo umefungwa. Swali hilo huulizwa kila mwaka na jibu lake ni fupi hivyo.

Hatua ya 4: Chora ngazi yake

Ngazi ya Amerika Kaskazini ina vidato vitatu vya kukumbuka. Juu ni NHL yenye timu 32. Chini yake ni AHL, nayo ina timu 32, kila moja ikiwa na timu mshirika huko juu. Chini zaidi ni ECHL, ambako mechi si za kifahari na safari za basi ni ndefu. Kwa kila mchezaji andika timu tatu kwa mstari mmoja, kwa mfano: Colorado Avalanche, kisha Colorado Eagles wa Loveland, kisha mshirika wao wa ECHL wa mwaka huo. Ushirika wa ECHL hubadilika zaidi ya ule wa AHL, hivyo uhakikishe kila Oktoba.

Ngazi hii ndiyo sababu ya mtu kuonekana amepotea. Connor Hellebuyck alichaguliwa na Winnipeg Jets katika raundi ya tano ya drafti ya 2012, akacheza misimu miwili University of Massachusetts Lowell, na alipotoka mwaka 2014 alipelekwa St. John's IceCaps ya AHL. Mechi yake ya kwanza ya NHL ilikuja Novemba 2015. Baadaye alishinda Vezina, tuzo ya kipa bora, mwaka 2020, 2024 na 2025, na mwaka 2025 akaongeza Hart. Makipa huchelewa kuliko wengine wote. Ukimfuata kipa, jiandae kwa miaka.

Wala tuzo ya chuoni si tiketi. Kipa Dryden McKay wa Minnesota State alishinda Hobey Baker mwaka 2022, na safari yake ya kulipwa ilianzia Toronto Marlies ya AHL na Newfoundland Growlers ya ECHL. Growlers wenyewe waliondolewa ligini Aprili 2024, jambo linalotukumbusha kwamba timu nayo inaweza kufa au kubadili jina. Arizona Coyotes walihamia Utah mwaka 2024, wakaitwa Utah Hockey Club kwa msimu mmoja, kisha Utah Mammoth. Clayton Keller wa Boston University na Logan Cooley wa Minnesota walihama nao bila kubadilishwa na mtu yeyote.

Neno moja la ziada utakalokutana nalo ni weiva. Timu ya NHL ikitaka kumshusha mchezaji aliyepita kiwango fulani cha umri au mechi, lazima kwanza imtangaze, na timu nyingine zina saa 24 za kumchukua. Asipochukuliwa, anashuka. Kijana aliyetoka chuoni juzi kwa kawaida hahusiki na weiva, na ndiyo maana yeye hupandishwa na kushushwa mara nyingi, wakati mwingine mara mbili katika wiki moja.

Hatua ya 5: Geuza saa mara moja, kisha usiguse tena

Mechi nyingi huanza saa moja jioni kwa saa za mji wa nyumbani. Wakati wa majira ya baridi, yaani kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba hadi Jumapili ya pili ya Machi, saa moja jioni ya Boston au New York ni saa tisa usiku Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Ya Minnesota au Chicago ni saa kumi alfajiri. Ya Colorado ni saa kumi na moja. Ya California ni saa kumi na mbili asubuhi. Kumbuka mfululizo huo, tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili, kutoka mashariki kwenda magharibi, na hutahitaji kikokotoo. Msimu unapoanza Oktoba, na baada ya nusu ya Machi, punguza saa moja katika kila namba.

Aliye Bujumbura, Kigali au Bukavu apunguze saa moja nyingine. Aliye Muscat au Dubai aongeze moja, jambo linalomfaa sana, kwa kuwa mechi ya Boston anaitazama alfajiri badala ya katikati ya usiku.

Arizona haibadilishi saa, kwa hiyo mechi ya Tucson Roadrunners, ambao ni washirika wa Utah katika AHL, ikianza saa moja jioni huko ni saa kumi na moja alfajiri hapa mwaka mzima.

*Angalizo:* Tarehe pia inasogea. Mechi iliyoandikwa Jumamosi utaitazama Jumapili kabla ya jua kuchomoza. Mwaka wangu wa kwanza niliisahau ile Jumapili ya Novemba, nikaamka saa nane usiku, nikachemsha chai, nikakaa saa nzima nikitazama gari la kulainisha barafu likizunguka uwanja mtupu.

Hatua ya 6: Chagua siku moja ya wiki ya kuhakiki

Mimi huhakiki Jumatatu asubuhi, wakati mechi za mwisho wa wiki zimekwisha. Kwa kila jina fungua ukurasa wa kumbukumbu, linganisha idadi ya mechi na ile ya wiki iliyopita, kisha andika timu aliyopo na tarehe uliyohakikisha. Majina matano hayamalizi dakika ishirini. Usiandike takwimu zote; mechi, mabao na asisti zinatosha kwa mchezaji wa mbele, na kwa kipa andika mechi na asilimia ya michomo aliyookoa. Kumbuka kwamba katika mchezo huu bao moja linaweza kuwa na asisti mbili, na pointi za mchezaji ni jumla ya mabao na asisti, hivyo usizilinganishe na hesabu za mpira wa miguu.

Kuna nyakati ambazo wiki moja ni nyingi mno, na ni lazima uangalie kila siku: wiki mbili za mwisho wa Machi na zile za mwanzo wa Aprili, wanachuo wanaposaini, siku za kwanza za Julai, mikataba inapokwisha na wachezaji huru kuhama, na mwisho wa Septemba, vikosi vinapopunguzwa. Februari unaweza kupumzika.

Hatua ya 7: Usimwache akivuka bahari

Wapo wanaoondoka Amerika baada ya misimu mitatu au minne ya AHL na ECHL kwenda Ujerumani, Sweden, Finland, Austria au Uingereza, na mashabiki wengi huacha kuwafuata hapo kwa kudhani wamestaafu. Ni kosa. Ligi hizo zinalipa, na kwa aliye Afrika Mashariki ndizo rahisi zaidi kufuata: mechi ya Adler Mannheim au Eisbären Berlin inayoanza saa moja na nusu jioni ya Ujerumani wakati wa baridi ni saa tatu na nusu usiku kwetu, muda ambao mtu bado yuko macho. Wenzetu walioko Uingereza wanaweza kwenda ukumbini, kwani Sheffield Steelers, Cardiff Devils, Nottingham Panthers na Belfast Giants hutumia wachezaji wengi waliopitia vyuo vya Marekani. Belfast hata hupokea mashindano ya vyuo vyenyewe, Friendship Four, ambayo yalianza mwaka 2015.

Katika daftari anza mstari mpya na uandike nchi kabla ya timu, kwa sababu majina ya timu za Ulaya huandikwa kwa namna mbili au tatu kulingana na mdhamini.

Hatua ya 8: Kwa wachezaji wa kike

Njia yao ni fupi na iliyo wazi zaidi. Ligi yao ya kulipwa, PWHL, ilianza Januari 2024 ikiwa na timu sita, na kwa msimu wa 2025–26 zikaongezwa Seattle na Vancouver. Hakuna miaka ya kushikiliwa haki wakiwa darasani kama ilivyo kwa wanaume: mchezaji huingia drafti anapomaliza chuo, kisha husaini. Taylor Heise wa University of Minnesota, mshindi wa Patty Kazmaier, tuzo ya mchezaji bora wa kike wa vyuo, mwaka 2022, alichaguliwa wa kwanza katika drafti ya 2023 na timu ya Minnesota, na akatwaa nayo Kombe la Walter, yaani ubingwa wa PWHL, mwaka 2024 na 2025. Sarah Fillier wa Princeton alikuwa wa kwanza mwaka 2024, na Kristýna Kaltounková wa Colgate mwaka 2025. Wote wawili walikwenda New York.

Ukisoma habari za msimu wa kwanza utakuta timu zinaitwa kwa majina ya miji tu. Majina kama Frost, Sirens na Fleet yalikuja kabla ya msimu wa pili. Ni timu zilezile.

Ukikwama

*Takwimu zake hazijasogea kwa wiki tatu.* Angalia kwanza kama ameshushwa, kwa kufungua mstari wa AHL. Kama hayuko huko pia, soma ripoti ya majeruhi ya timu. Ikiwa si majeruhi na bado yuko kikosini, basi anakaa jukwaani bila kupangwa, jambo la kawaida kwa beki wa saba au mshambuliaji wa kumi na tatu.

*Anaonekana katika timu mbili kwa wakati mmoja.* Karibu kila mara ni timu ya NHL inayomlipa na ya AHL anayoichezea. Andika zote mbili, na upigie mstari ile aliyocheza mechi ya mwisho.

*Tovuti mbili zinatofautiana.* Kwa mechi na mabao, amini ukurasa rasmi wa ligi. Kwa mkataba, amini tangazo la timu yenyewe. Kurasa za mashabiki huwahi kutangaza, lakini huwahi pia kukosea.

*Mechi hairushwi nchini kwangu.* Kwa AHL na ECHL jaribu FloHockey, inayohitaji malipo. Kabla ya kulipa, tazama kama muhtasari wa dakika chache kwenye YouTube unakutosha. Mimi unanitosha kwa wachezaji wanne kati ya watano. Jihadhari pia na ujumbe unaokuahidi matangazo ya bure kwa kubofya kiungo na kuingiza namba ya kadi ya benki. Usibofye.

*Jina halitokei popote.* Jaribu kuliandika bila alama za juu ya herufi, kisha kwa jina la utani, kwa mfano Matty badala ya Matthew. Ikishindikana, anzia ukurasa wa chuo wa msimu wake wa mwisho na ubofye jina lake huko.

*Msimu mzima umepita bila mstari mpya.* Hapo huenda ameacha kucheza, lakini usiandike hivyo mpaka yeye au timu yake watangaze, kwa sababu wapo wanaokaa mwaka mzima nje kwa upasuaji na kurudi. Wala usianze kumtafuta katika akaunti za familia yake ili upate jibu. Acha daftari lisubiri. Akitangaza kuacha, usiufute mstari wake. Badili tu safu ya timu kuwa safu ya kazi na uendelee kuhakiki mara moja kwa mwaka, kwani wengi hubaki kwenye barafu wakiwa makocha na maskauti. Yule St. Louis wa Vermont aliacha kucheza mwaka 2015, na aliyekuwa amelitunza jina lake alikuwa na la kuandika tena Februari 2022, alipokabidhiwa kikosi cha Montreal Canadiens kama kocha.